Bwana Greda Husomwa Kutoka Nyuma

Barabara ya Kumi na Mbili,
Ngamiani, Tanga.
Ijumaa, 4 Novemba 1988

Kwa kaka yangu mpenzi Yasini,

Assalaam alaykum. Shikamoo kaka. Natumai karatasi hii itakukuta umeamka salama, umekunywa chai yako, na baridi ya huko haijakuingia mifupani. Ukitaka kujua hali zetu, sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Mama hajambo, isipokuwa magoti humgomea akiinuka kwenye mkeka. Ulimi wake lakini haujawahi kuugua hata siku moja. Hiba hajambo, amerefuka mpaka gauni la Idi iliyopita tumeligeuza blauzi. Mimi na cherehani yangu tupo barazani kama ulivyotuacha. Mzee Karmali wa duka la mkabala anakusalimu sana, na mkwewe Batulbai, na mjukuu wake Raheel ambaye siku hizi haondoki kwetu, nadhani amesahau kwao ni wapi.

Barua yako niliipata. Niliisomea jikoni peke yangu kama ulivyoagiza, nimeketi juu ya kinu, na nililia mpaka wali ukaungua na Mama akauliza kulikoni. Nikamwambia moshi. Kaka, pole. Pole sana kwa ule mnyororo uliokatika gatini, pole kwa mguu wako, pole kwa miezi yote uliyolala hospitali bila hata mtu mmoja wa kwenu wa kukugeuzia mto. Ningekuwa na mabawa ningekuja.

Halafu nikaisoma mara ya pili, na mara ya pili nikakasirika. Unisamehe, mimi ni mdogo wako, lakini hasira haikuuliza umri. Umeniomba nifiche habari ya mguu, Mama asijue na Hiba asijue. Umeniomba nilichome moto gazeti la mwisho la katuni ulilolituma mbele kabla hujafikiri. Na umeniomba nianze kumzoesha Hiba, kidogo kidogo, kwamba baba yake hatarudi tena. Umesema nauli unayo na ruhusa unayo, kinachokuzuia ni macho ya watu wa mtaani, kwa sababu uliondoka bandarini Tanga umesimama sitahani unapunga mkono, na hutaki kurudi unasukumwa kama rukwama. Mtoto huyu mama yake alikwisha kutangulia mbele ya haki. Sasa unataka nimpunguzie na baba, kwa sababu ya macho ya watu!

Nitakujibu moja baada ya moja, ila niache nianze mbali, maana hujui magazeti yako yamefanya nini katika nyumba hii.

La kwanza hukulituma kama gazeti. Ulilituma kama karatasi ya kufungia sabuni, mwaka ule wa unga wa njano, tulipokuwa tunapanga foleni ya sukari tangu alfajiri na kurudi na kikapu kitupu. Sabuni yenyewe tuliinusa siku kadhaa kabla ya kuthubutu kuilowesha. Hiba alikuwa mdogo, alijua sabuni si yake, akachukua karatasi. Akaikunjua sakafuni, akainyoosha kwa kiganja, na humo akawakuta watu wa chuma wanaojikunja wakawa magari: huyu lori, yule kijiko cha kuchimbia, na mkubwa wao, mwenye kifua cha rangi ya chungwa, akijikunja anakuwa greda la kusawazisha barabara. Roboti, ndivyo wanavyoitwa, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyewaita hivyo. Mkubwa wao tulimpa jina Bwana Greda, na jina likamkaa.

Batulbai ndiye aliyetueleza, maana yeye Kiingereza chake ni cha kweli, si kama changu cha kidato cha nne, kwamba watu hao huuzwa madukani huko Ulaya, watoto huwanunua, na gazeti hutolewa kila mwezi ili watoto wasichoke kuwataka. Tulicheka sana. Wakati ule katika rafu za Mzee Karmali kulikuwa na majani ya chai, viberiti vichache na vumbi. Hiba hakuelewa tunacheka nini. Alichotaka yeye ni gazeti linalofuata. Na wewe, Mungu akulipe, ukawa unamtumia kila watoto wa mwenye nyumba wako wanapomaliza kulisoma. Posta ililichelewesha, ikaleta la Machi kabla ya Januari, lakini halikukosa kufika.

Sasa sikia la Mama.

Unamjua. Alisomea chuoni kwa Maalim, alihitimu Kurani akiwa mwali, na mpaka leo akitaka kuandika jambo huliandika kwa Kiswahili chake cha herufi za Kiarabu. Kisomo cha watu wazima kilipoingia mtaani, Mwalimu Noa alimfuata hadi mlangoni. Akaenda mara moja, akarudi akisema maandishi yale yanatembea kinyumenyume, na yeye umri wa kutembea kinyumenyume umempita. Basi Hiba alipompelekea gazeti akamwomba amsomee, Mama alilishika vile vile anavyoshika juzuu. Akalifungua upande wa nyuma. Akaweka kidole kwenye picha ya kulia, akaja nacho kushoto, picha kwa picha, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akafika kwenye jalada la mbele. Akafunga, akasema hadithi imekwisha.

Fikiria, kaka, hadithi ya vita ikisomwa hivyo inakuwaje. Mwanzo wake ni majivu na vyuma vilivyotapakaa. Kisha moshi unakusanyika unakuwa moto, moto unakuwa nyumba. Risasi zinatoka mwilini mwa mtu zinaingia bundukini, moja moja, kama kuku wanaorudi bandani. Adui aliyeangushwa anainuliwa kwa ngumi. Mkono unamrukia mwenyewe na kujipachika begani. Halafu wale maadui wanatazamana kidogo, wanageuka, na kila mtu anakwenda zake kwa amani, na mwisho kabisa, kwenye jalada, Bwana Greda amesimama mzima, mikono kiunoni, anang'aa. Mama maneno ya kwenye mawingu ya midomo hakuyasoma. Aliyatunga. Bwana Greda wake anasema bismillahi kabla ya kuinuka na anamwamkia kila mzee anayempita njiani.

Mimi nilikuwa nashona pembeni, najua fika kwamba inasomwa upande mwingine, nikaendelea kukanyaga cherehani. Ningemsahihisha nini? Kwa Mama hadithi ilikuwa inakwenda.

Kufumba na kufumbua baraza ikawa haitoshi. Kila Ijumaa baada ya Alasiri watoto wa mtaa walijaa mpaka nikawa nakanyaga cherehani na mtoto kaniegemea mguuni. Raheel peke yake ndiye aliyegoma. Siku moja alisimama akasema kwamba Bibi anakosea, mama yake amemwonyesha, mwanzo ni huku na mwisho ni kule. Mama hakukasirika. Alimuuliza kwa upole, msahafu wa nyumbani kwenu, babu yako huufungua upande gani? Raheel akafikiri, akaonyesha. Mama akamwambia aketi. Akaketi, na tangu hapo amekuwa wakili wake, anawagombeza watoto wa Barabara ya Kumi na Tatu wanaokuja wakijifanya wajuzi.

Tena Raheel huyo ndiye aliyetuletea Bwana Greda mwenyewe. Shangazi yake alimletea kutoka Ulaya, wa plastiki, wa kujikunja kweli. Mtaa mzima ulikuja kumtazama. Haukupita muda akaangukia mtaroni, baiskeli ya Uweso muuza samaki ikampitia, mguu ukavunjika vipande. Raheel akalia, akataka kumtupa jalalani. Hiba akamwomba. Alikuja nacho kile kiwiliwili, akachakura chini ya cherehani yangu akatoa kigurudumu cha mbao kilichokwisha uzi, akakifunga kwa waya mahali pa mguu. Akimsimamisha, Bwana Greda anasimama upande kidogo, kama mzee Rafaeli akitoka kilabuni. Akimkunja kuwa greda, kile kigurudumu kinakuwa tairi, na anakwenda. Raheel alipoona hivyo akamtaka tena. Wakaafikiana anakaa kwa zamu.

Basi hayo ndiyo mambo uliyoyatuma ndani ya karatasi ya sabuni. Sasa nije kwenye gazeti la mwisho.

Umeniambia kile kiwanda kimeacha kutengeneza wale watu, watoto wa huko wamepata kitu kingine cha kutaka, kwa hiyo gazeti nalo limefungwa, na wenye gazeti wamemaliza hadithi kwa kumvunjavunja Bwana Greda asiunganike tena. Umeniambia nilichome asilione. Kaka, barua yako na gazeti havikusafiri pamoja. Nilikuwa nimekwenda soko la Mgandini kununua vitenge vya kugeuza mashati. (Siku hizi mitumba imejaa tele, watu hawashoneshi, wanakuja nipunguze kiuno tu. Lakini silalamiki, mwaka ule tulishonea mifuko ya unga.) Niliporudi, Uweso alikuwa amekwisha kulichukua Posta na kuwaletea, ilikuwa Ijumaa, na baraza imejaa.

Mama alikuwa ameweka kidole kwenye ukurasa wa nyuma. Niliona kwa mbali. Bwana Greda hayupo. Kuna kiganja hapa, kipande cha kifua cha chungwa kule, jicho moja kwenye tope, na mvua. Watoto wakasogea karibu. Mama akavipitishia kidole vipande vyote. Kisha akasema, basi, huyu safari hii kaumia sana, tutakwenda naye polepole. Akaenda naye polepole. Kila kipande alikitaja kinarudi wapi na kinarudi vipi. Watoto wakaanza kumsaidia, wanaita, goti, Bibi, goti bado! Alipofika kwenye jalada, Bwana Greda amesimama, mkono juu. Mama akasema, akapona, akaenda kwao. Watoto wakashangilia wakatawanyika.

Hiba hakutawanyika. Alilichukua gazeti akaketi kwenye kizingiti, akalifungua upande wa mbele, akalisoma kushoto kwenda kulia, kama wanavyofundishwa shuleni, mpaka kwenye tope na mvua. Nikaelewa kwamba anajua. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu darasa la kwanza. Nikamuuliza kwa nini basi kila Ijumaa anamwomba Bibi asome kinyume. Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto. Akasema ya kwao anaweza kuisoma mwenyewe, lakini ya Bibi anaijua Bibi tu.

Barua yako ilikuja wiki iliyofuata, ndipo nikalia juu ya kinu. Nikaapa kwamba la mguu nitalificha kama ulivyotaka, hata kama sikubaliani nawe. Na hapa, kaka, ndipo ninapotaka uketi vizuri.

Jioni ile ile Hiba alinifuata uani na picha zako mkononi, zile tunazoziweka kwenye kioo cha kabati. Akazipanga juu ya mkeka. Za zamani umesimama mzima. Ile mpya ya mwaka huu imekukata kifuani. Akaniambia kwamba mchoraji wa Bwana Greda akimkata mtu kifuani, basi chini yake kuna jambo hataki ulione mpaka ukurasa unaofuata. Halafu akaweka kidole nyuma ya bega lako, kwenye kitu cheusi kinachochungulia, ambacho mimi nilikiona siku zote nikidhani ni ukuta. Akaniuliza ni baiskeli gani ambayo mishikio yake iko mgongoni. Akajijibu mwenyewe. Alisema ni kama kile kiti walichomsukumia Bibi pale hospitali ya Bombo alipougua malaria. Akauliza, baba ameumia mguu mmoja au yote miwili?

Nilitaka kusema uongo, wallahi nilikuwa nimeuandaa. Lakini Mama alikuwa nyuma yangu mlangoni, sijui tangu lini, na akamjibu kabla yangu. Akasema hajui ni mmoja au miwili, ila jambo lenyewe amelijua tangu picha ile ilipofika. Aliniuliza mimi, kwa sauti ya kunisuta, kama kweli nilidhani Yasini wake, aliyekuwa akipaka viatu rangi hata akienda kununua mkaa, anaweza kwenda studio akapiga picha isiyoonyesha viatu. Kisha akaketi kwenye mkeka pamoja nasi akalia, Hiba akalia, na mimi nikalia tena, safari hii bila kusingizia moshi. Nikawaambia ni mmoja. Mama akasema alhamdulillahi, akajifuta, akauliza mikono ipo? Nikasema ipo yote. Akasema basi utatengeneza redio za watu kama zamani, kabla hujasafiri.

Kwa hiyo siri yako, kaka, haipo. Ulikuwa unaificha peke yako huko na baridi.

Kesho yake Mama alimwita Ernesti, yule fundi mwashi aliyekuwa akikarabati ngazi za Mzee Karmali, akamwonyesha ngazi zetu za barazani na kumwambia avunje, anataka mteremko. Saruji, ambayo zamani ungeiombea kibali mpaka ukaota mvi, Ernesti aliibeba kwenye baiskeli asubuhi na mchana akamaliza. Hiba akamtoa Bwana Greda, akamkunja, akamwachia kutoka juu. Akaporomoka, akapiga pua chini akapinduka. Hiba akamwambia Ernesti mteremko ni mkali mno, mtu ataumia. Ernesti akanung'unika, akauvunja, akaurefusha. Hiba akajaribu tena. Mara hii Bwana Greda alishuka taratibu, na kile kigurudumu cha uzi kikimlia ng'ang'a, mpaka ukingoni mwa mtaro, akasimama. Mteremko umemeza nusu ya njia, Uweso anazunguka na baiskeli yake kila asubuhi akilalamika, na mbuzi wa jirani wamekwisha kuuzoea kama wa kwao. Hakuna aliyeuliza ni wa nini. Wote wanajua ni wa nani.

Hayo ndiyo macho ya watu unayoyaogopa. Yamekwisha kuona, yameona mteremko, na yanakusubiri. Wengi wana kaseti zilizokwama na televisheni kutoka Unguja zinazoonyesha chenga tupu, mchelemchele mtupu, na mafundi waliopo wanazifungua wakabaki na skrubu za ziada. Kiti chako kitakaa hapa barazani, karibu na cherehani yangu. Nimekwisha kuisogeza kidogo.

Sijui kama nimekuandikia kwa adabu. Ninajua tu kwamba nakupenda na nimechoka kukupenda kwa posta. Ukija mzima njoo, ukija nusu njoo, ukija na mdomo wako wa kujisifu njoo nao pia, tumeukosa.

Gazeti la mwisho sikulichoma. Nimelikunja humu ndani ya bahasha, ndiyo maana imekuwa nene. Ni Hiba aliyeniambia nilirudishe, na ameniagiza nikwambie maneno haya kama alivyoyasema. Amesema, mwambie baba amelisoma vibaya, ameanzia mbele. Nawe ulisoma chuoni kwa Maalim yule yule wa Mama, unajua kushika juzuu. Anasema anza nyuma, kwenye tope na mvua, hapo alipo vipande vipande. Weka kidole kulia. Njoo nacho polepole, na usisimame mpaka amefika kwao.

Mama anakuombea dua kila baada ya sala na anasema uvae soksi, hata kama ni moja. Mzee Karmali, Batulbai, Raheel na mtaa mzima wanakusalimu. Wasalimie watoto wa mwenye nyumba wako, waambie ahsante ya magazeti inatoka Ngamiani. Mungu akufungulie njia, akufikishe.

Wasalaam,

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Sabra binti Sadalla